Sentimita 60 za pua ya gari

Gari la kilo 1,200 likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa lina nishati ya mwendo ipatayo kilojuli 116. Tarakimu hiyo haisemi kitu mpaka uigeuze kuwa kimo: ni sawa na kulinyanyua gari hilo mita 9.8 kutoka ardhini, usawa wa ghorofa ya tatu, kisha kuliachia lianguke kwa pua. Kwenye kilomita 100 kwa saa kimo kinakuwa mita 39. Mwendo umeongezeka mara mbili, kimo mara nne, kwa kuwa katika hesabu ya nishati kasi huzidishwa kwa yenyewe. Dereva anayetoka 50 kwenda 70 na kujiambia ameongeza ishirini tu, ameongeza nishati karibu mara mbili.

Nishati hiyo lazima iende mahali. Breki huigeuza kuwa joto, mgongano huigeuza kuwa kazi ya kukunja chuma. Na kazi, kama tulivyofundishwa shuleni, ni kani mara umbali. Kwa hiyo ukitaka kujua kani iliyompata mtu au gari, uliza kwanza kilichokuwa kinakwenda kilipata umbali gani wa kusimamia. Ichukue kasi katika mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, gawa kwa umbali huo mara mbili. Jibu ndilo kiwango ambacho mwendo ulikatwa, na ukilizidisha kwa kilo za kitu hicho unapata kani ya wastani.

Tujaribu. Kilomita 50 kwa saa ni mita 13.9 kwa sekunde. Gari linagonga ukuta wa zege usiosogea, pua inakunjika sentimita 60. Hesabu inatoa mita 161 kwa sekunde kila sekunde, yaani zaidi kidogo ya g 16, g moja ikiwa ni mvuto wa kawaida wa dunia. Kani inayolisimamisha gari ni kilonewtoni 193, kama uzito wa tani 20 ulioegemezwa kwenye bampa. Sasa fanya pua iwe ngumu kiasi kwamba inakunjika sentimita 10 tu. Kasi ni ile ile, ukuta ni ule ule, lakini g zinafika 98. Hizo ni wastani. Katika majaribio kani hupanda na kushuka, na kilele chake huweza kukaribia maradufu ya wastani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema magari ya zamani yalikuwa chuma kweli na ya siku hizi ni makopo. Gari linalotoka kwenye ajali likiwa limenyooka limekataa kufanya kazi yake, na kazi hiyo imefanywa na mbavu za waliokuwa ndani. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz ndiye aliyeliweka jambo hili katika hataza ya mwaka 1952: sehemu ya katikati wanamokaa watu iwe ngumu, mbele na nyuma pawe laini kwa makusudi. Gari la W111 la mwaka 1959 liliundwa kwa kanuni hiyo.

Ukilifungua gari la sasa utaona jinsi ulaini huo ulivyopangwa. Ile bampa ya plastiki unayoiona nje ni pambo. Nyuma yake kuna upau wa chuma au alumini unaokatiza kutoka upande hadi upande, na upau huo umeshikwa na visanduku viwili vifupi vya bati vilivyofungwa kwa bolti. Visanduku hivyo ndivyo vinavyobonyea kwanza kwenye migongano midogo, ili fundi avibadilishe bila kugusa bodi. Nyuma yake inaanza mihimili miwili mirefu ya chesisi, mmoja kila upande wa injini. Itazame vizuri: ina vibonyeo vidogo vilivyopigwa kiwandani, kama alama za vidole kwenye unga uliokandwa. Hizo si kasoro. Kila kibonyeo kinauambia mhimili uanzie wapi kujikunja, ili ujikunje mkunjo juu ya mkunjo badala ya kupinda katikati kama kijiti. Mhimili unaojikunja vizuri hula nishati sentimita baada ya sentimita. Uliopinda katikati ukishapinda haushiki tena.

Injini nayo ina hesabu yake. Haikunjiki, kwa hiyo pua yenye urefu wa mita moja haikupi mita moja ya kusimamia. Kinachobaki ni nafasi iliyo mbele na nyuma ya lile bonge la chuma. Katika magari mengi vishikizo vya injini vimeundwa viachie, ili injini ishuke chini ya sakafu badala ya kusukumwa kwenye miguu ya dereva. Kuanzia ukuta unaotenganisha injini na abiria, mambo yanageuka. Nguzo za milango, vizingiti vya chini na pembe za paa mara nyingi hutengenezwa kwa chuma chenye boroni, kilichochomwa na kupozwa ghafla kiwandani mpaka kikafikia ukakamavu wa megapaskali 1,500 hivi. Hapo hapatakiwi kukunjika kitu.

Sasa twende ndani ya gari, kwa mwendo wa polepole. Kwa mfano wetu wa sentimita 60, gari linasimama kwa milisekunde 86. Kufumba na kufumbua jicho huchukua muda mrefu zaidi ya huo. Mtu asiyefunga mkanda, tukiacha msuguano mdogo wa kiti, hana kinachomshika, kwa hiyo anaendelea kwenda kwa kilomita 50 kwa saa huku gari likipungua mwendo mbele yake. Kati ya kifua chake na usukani kuna sentimita 40. Nafasi hiyo inaisha kwenye milisekunde ya 70. Wakati huo gari limeshakunjika sentimita 58 kati ya 60, na limebaki na kilomita 9 tu kwa saa. Yeye bado ana 50. Anaukuta usukani kwa tofauti ya kilomita 41 kwa saa, na wa kumsimamisha wamebaki wawili: sentimita 2 za mwisho za pua, na kiasi ambacho usukani na kifua chake vitabonyea. Tuseme jumla ni sentimita 9. Hesabu inatoa g 109. Kwa mtu wa kilo 75, tukichukua mwili mzima kama kitu kimoja, hiyo ni kani ya tani 8.

Chuma chote kile kilikunjika bila kumsaidia. Mkanda unamfunga kwenye gari ili naye apate sehemu yake ya zile sentimita 60, kisha unamwongezea nyingine 25 au zaidi ndani ya kabini kwa kunyooka na kuachia kidogo kidogo. Umbali wake unakuwa sentimita 85, na g zinashuka mpaka chini ya 12. Gari ni lile lile na ukuta ni ule ule, ila kani imepungua mara tisa.

Wapo wanaoamini watajizuia kwa mikono. Kwa g 16, kiwiliwili cha kilo 40 kinasukuma mbele kwa kani ya kilo 640. Hata mbeba mizigo hodari hawezi, na hapati muda wa kukaza misuli.

Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia ni kazi ya Nils Bohlin wa Volvo, mwaka 1959. Kilichoongezwa tangu hapo kimefichwa zaidi ndani ya kigurudumu kinachouviringisha. Kuna baruti ndogo inayolipuka mara vitambuzi vinapothibitisha mgongano, ikivuta mkanda sentimita kadhaa na kuondoa ulegevu ndani ya milisekunde kumi hivi. Ulegevu ni hasara tupu: kila sentimita ambayo mwili unasafiri kabla mkanda haujakaza ni sentimita ya pua iliyoliwa bure. Koti nene la baridi linaweza kula kadhaa. Halafu ndani ya ekseli ya kigurudumu kuna fito ya chuma inayojisokota kani ikifika kiwango fulani, mara nyingi kati ya kilonewtoni 4 na 6. Hapo mkanda unaachia taratibu huku ukiendelea kushika. Bila fito hiyo, mkanda wenyewe ungeweza kuvunja mbavu.

Mahali unapolala mkanda ni nusu ya kazi yake. Sehemu ya chini ilale juu ya mifupa ya nyonga, chini kabisa ya tumbo, kwa sababu nyonga ni mfupa na tumbo ni ini, wengu na utumbo. Abiria aliyelaza kiti nyuma anateleza chini ya mkanda, ule wa nyonga unapanda tumboni, na kani iliyokusudiwa mfupa inaingia kwenye viungo laini. Ule wa juu upite katikati ya bega na kifua. Kuupitisha chini ya kwapa ni kuzikabidhi mzigo wa nusu tani mbavu za chini, zilizo dhaifu kuliko zote. Mkanda uliojisokota nao ni mwembamba kuliko ulivyoundwa, hivyo kani ile ile inakaa juu ya eneo dogo, na hukata.

Mfuko wa hewa unakuja baada ya mkanda, na uliundwa ukitegemea kwamba mkanda upo. Unajaa kwa milisekunde 30 hivi. Una matundu nyuma, na matundu hayo ndiyo siri yake: kichwa kinatakiwa kifike wakati mfuko umeshajaa na umeanza kupumua, ili kizame ndani yake kama kwenye unga. Anayekaa amebanana na usukani anaukuta bado unafunguka, na hapo mfuko unampiga. Pima sentimita 25 kutoka mfupa wa kifua hadi katikati ya usukani; zikipungua, sogeza kiti nyuma au inamisha usukani. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiwekwi kabisa mbele ya mfuko unaofanya kazi, kwa sababu mgongo wa kiti hicho uko karibu na dashibodi na kichwa cha mtoto kiko nyuma yake tu.

Mwili wa binadamu unavumilia zaidi ya tunavyodhani, mradi kani isambazwe. Desemba 10, 1954, John Paul Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alifungwa kwenye kigari cha roketi, akafikishwa kilomita 1,017 kwa saa, kisha akasimamishwa kwa sekunde 1.4. Kilele kilifika g 46.2. Macho yalivilia damu, lakini aliishi hadi 1999. Alikuwa ameshikwa na mikanda mipana mwili mzima. Kani ile ile ingepita kwenye ukingo wa usukani ingekuwa habari nyingine. Na hata pale ngozi haina mkwaruzo, kuna mgongano wa tatu, ule wa viungo vya ndani. Gari linagonga ukuta, mwili unagonga mkanda, moyo na ubongo vinagonga vizimba vyake. Mshipa mkuu unaotoka moyoni umefungwa kwenye uti wa mgongo mahali fulani, na sehemu iliyotangulia hapo inaning'inia na moyo. Mwendo ukikatwa ghafla, moyo unaendelea mbele na mshipa unachanika pale pale ulipofungwa. Kwa sababu hiyo sheria za majaribio ya ajali Marekani haziangalii bodi ya gari peke yake. Kifua cha sanamu la majaribio lenye umbo la mwanamume wa wastani hakiruhusiwi kupita g 60 kwa zaidi ya milisekunde 3, wala kubonyea zaidi ya milimita 63.

Tutoke kwenye ukuta. Kuna imani iliyoenea kwamba magari mawili yakigongana uso kwa uso, kila moja likiwa na 50, ni sawa na kugonga ukuta kwa 100. Sivyo, kama magari yanalingana. Kila moja linasimama pale pale lilipokutana na mwenzake, kutoka 50 hadi sifuri, likitumia pua yake lenyewe. Nishati ni mara mbili, lakini pua zinazoimeza ni mbili. Kwa aliye ndani ni ukuta kwa 50.

Yasipolingana ndipo balaa linapoanza. Chukua gari letu la kilo 1,200 na lori la tani 20, yote yako 50, uso kwa uso. Newton hana upendeleo: kani inayolisukuma gari ni sawa kabisa na inayolisukuma lori. Momenta, yaani tungamo mara kasi, ikijumlishwa, vyuma vilivyoshikana vinaendelea kwa kilomita 44 kwa saa kuelekea lori lilikokuwa linakwenda. Dereva wa lori amepoteza kilomita 6 kwa saa, kama aliyekanyaga breki kwa hasira. Wa gari dogo ametoka 50 kwenda mbele na kujikuta na 44 kwenda nyuma: mabadiliko ya 94. Kani moja, tungamo mbili tofauti, na majeraha hufuata mabadiliko ya kasi. Tena bampa ya lori huwa juu, kwa hiyo mara nyingi mihimili ya gari dogo haiguswi. Inapita chini, na kinachokutana na lori ni boneti, kioo na nguzo za paa.

Kukosa mihimili ndicho pia kiini cha ajali za pembeni mwa pua. Ukigonga nguzo kwa robo tu ya upana wa gari, nguzo inaupita mhimili kwa nje, na nishati inaishia kwenye gurudumu linalosukumwa moja kwa moja kwenye miguu. IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, ilianza kupima hali hiyo mwaka 2012, asilimia 25 ya upana kwa kilomita 64 kwa saa, na magari kadhaa yaliyokuwa na sifa nzuri yakaanguka mtihani. Ubavuni hali ni ngumu zaidi, maana kati ya bega lako na bampa ya mwenzako kuna mlango wa sentimita 20 au 30. Hakuna pua ya kukunja, na mfuko wa ubavuni una milisekunde chache tu za kufunguka.

Kugongwa kwa nyuma, kiti kinasukuma mgongo mbele na kichwa kinabaki kilipo, shingo ikivutwa katikati. Pale mito ya kichwa inapowekwa chini kabisa kwa sababu ya urembo, inageuka kuwa egemeo la kuvunjia shingo. Ncha yake ya juu iwe usawa wa utosi, na pengo nyuma ya kichwa lisizidi sentimita 7.

Hesabu ya breki nayo iko hapa hapa. Magari mawili yako sambamba, moja kwenye 50, jingine kwenye 60. Kikwazo kinatokea, madereva wote wanachukua sekunde moja kukanyaga, lami ni kavu. La 50 linasimama baada ya mita 28, likigusa kikwazo kwa shida. La 60, mahali hapo hapo, bado lina kilomita 40 kwa saa. Limetumia karibu mita 17 kabla breki haijashika, na kilomita kumi za mwanzo zimegeuka arobaini za mwisho. Hii ndiyo hesabu ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote.

Vitu vilivyolegea ndani ya gari vinafuata sheria ile ile. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ikitoka kiti cha nyuma kwa 50 na kusimamishwa ndani ya sentimita 5, inapiga kwa kani ya karibu kilo 300. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa, kwa g 16, anavuta kwa kilo 160. Hakuna mikono inayoshika hivyo.

Kinachoharibu mahesabu haya yote ni ukarabati. Mhimili uliokunjika kisha ukanyooshwa kwa moto una sura ya zamani lakini chuma chake kimelainika, na mikunjo ya zamani imeacha alama zinazouambia ujikunje mahali pasipotakiwa. Nguzo ya chuma cha boroni ikipashwa kwa gesi mpaka iwe nyekundu, ukakamavu wake haurudi. Ngao nzito za vyuma zinazofungwa mbele ya bampa zinapeleka kani moja kwa moja kwenye chesisi na kuruka visanduku vya kubonyea. Pia zinaweza kubadilisha wakati ambao kitambuzi kinaamua kufungua mifuko.

Ukinunua gari lililotumika, vuta mkanda wa dereva mpaka mwisho, taratibu, kwenye mwanga. Mkanda uliowahi kubeba mtu katika ajali huwa na mawimbi kwenye ufumaji, au nyuzi zinazong'aa kwa kuyeyuka pale ulipopita kwenye pete ya begani. Pete yenyewe huwa na mikwaruzo ya plastiki iliyosuguliwa kwa joto. Angalia kama kifungio kimeshuka chini kuliko cha abiria, kwa kuwa baadhi ya baruti ziko huko na zikilipuka hukivuta. Kisha washa swichi na uitazame taa ya mifuko ya hewa. Inatakiwa iwake sekunde chache, izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeing'oa balbu yake.